Heko kwa Fundi wa Barazani

Siku za mwisho za Ramadhani, na tena Krismasi inapokaribia, cherehani za barazani hazipumziki. Wengi husifu gauni lililokaa vizuri mwilini. Mimi nawapongeza mafundi kwa kazi ndogo ambazo ni nadra kutajwa.

Ya kwanza ni kanga. Doti huuzwa vipande viwili vikiwa vimeungana. Fundi huikata katikati, akapinda ncha zilizo wazi, na zawadi ya mama ikawa tayari. Ni kazi ya dakika chache, lakini mkasi ukienda upogo, kanga yote huharibika sura.

Ya pili ni foronya ya sikukuu isiyohitaji zipu wala vifungo. Kwa mto wa sentimita 40, fundi hukata kitenge cha sentimita 42 kwa 100, hupinda ncha mbili fupi, hukikunja upande wa ndani ukiwa nje ili ncha hizo zipandane katikati, hushona pande mbili zilizobaki, kisha hukigeuza. Akitumia kanga, hupanga jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake, litokee mbele, mgeni alisome.

Mabaki nayo huwa vifuko vya zawadi, vishikio vya sufuria, na pembetatu za kutundikwa kwenye kamba sebuleni.

Heko, mafundi! Nasi wateja tuwatendee haki: tupeleke vitambaa mapema, tusidai nguo usiku wa kuamkia Idi, na tulipe bila kuvutana.