Pangaboi Linalonguruma Bila Kuzunguka

Ukiwasha swichi pangaboi likanguruma lakini mapanga yakabaki palepale, usikimbilie dukani. Fundi mzoefu husukuma panga moja kwa ufito mkavu. Likishika mwendo na kuendelea lenyewe, mara nyingi mota ni nzima. Kilichokufa ni kapasita, kidude cha plastiki cha uzito wa gramu tu. Kwa ajili ya kidude hicho watu wanatupa kilo kadhaa za chuma na shaba. Hilo linaniuma, maana dawa yake ni rahisi mno.

Umeme wa majumbani ni wa fezi moja. Peke yake hufanya usumaku ndani ya mota uende mbele na kurudi nyuma bila kuzunguka, ndiyo sababu ya ule mngurumo. Kwa hiyo mota huwekewa koili za aina mbili, na kapasita huutanguliza mkondo wa koili ya pili ili sumaku zao zisifike kileleni kwa pamoja. Kupishana huko ndiko kunakozungusha. Ndani ya kapasita kuna utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa metali. Umeme ukiutoboa, metali iliyozunguka tundu huungua na tundu likajitenga, kazi ikaendelea. Ila kila jeraha hula sehemu ya uwezo wake. Kapasita ya mikrofaradi 2.5 hushuka hadi 2, kisha 1.5, tena kwa haraka zaidi pale juu darini kwenye joto. Pangaboi hupungua kasi kidogokidogo, na wenye nyumba hulaumu umeme mdogo.

Kazi yenyewe: zima swichi kuu ya nyumba, si ya ukutani pekee. Teremsha kofia inayofunika nyaya, ondoa chaji iliyobaki kwenye kapasita, kisha soma maandishi yake. Nunua yenye mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua zile za mwanzo. Wapo wanaofunga kubwa zaidi ili pangaboi likimbie; koili ya pili hubebeshwa mkondo usio wake, na mwishowe huungua.

Feni za mezani huugua zaidi kwenye bushi. Bushi hizo ni za shaba nyeusi yenye vitundu vinavyohifadhi mafuta, na vumbi likiyakausha, shafti hukaza. Safisha shafti, weka matone machache ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda kama gundi, na feni itakwama tena baada ya muda mfupi.

Penye hatari ni fyuzi ya joto. Imefichwa katikati ya koili, chini ya uzi uliofungia nyaya, na ikikatika feni huwa kimya kabisa, hata kunguruma haingurumi. Baadhi ya mafundi huiruka kwa kuunganisha waya moja kwa moja. Tafadhali usikubali. Fyuzi hiyo ndiyo inayokata umeme mota inapokwama usiku watu wamelala. Ifungwe nyingine yenye nyuzi zilezile za joto, na wakati wa kulehemu mguu wake ubanwe kwa koleo ili joto liishie kwenye koleo, la sivyo itakatika hapohapo mezani.

Yote haya yanawezekana kwa sababu ya muundo: skrubu za kawaida, kapasita inayouzwa kila duka la umeme, na koili ambazo fundi wa kusuka mota anaweza kuzihesabu na kuzisuka upya. Ufaransa imelitungia jambo hili sheria. Mnamo Januari 2021, bidhaa kama runinga na mashine za kufulia zilianza kuuzwa zikiwa na alama kati ya 0 na 10, iliyopima urahisi wa kuzifungua na upatikanaji na bei ya vipuri vyake.

Kipimo hicho kinatufaa hata sisi tusio na sheria hiyo, hasa sasa ambapo mapangaboi mapya ya kielektroniki yanakula wati 30 hivi badala ya 70 na ushee. Akiba hiyo ni ya kweli. Lakini uhai wao umo kwenye bodi ya saketi ambayo kila mtengenezaji ana ya kwake. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama bodi hiyo inauzwa peke yake, na kwa bei gani. Kwa feni ya kawaida, uliza kama koili ni za shaba au za alumini, kwa kuwa alumini haikubali lehemu kirahisi, na geuza kichwa chake uone kama kimefungwa kwa skrubu au kimegandishwa.