Kalaman: Jina Linalosimama Peke Yake

Nenda soko la Garissa uite "Mohamed Abdi!" Hesabu watakaogeuka. Msomali hana jina la ukoo la kurithishana kama la Mwingereza. Una jina lako, la baba, la babu, na kuendelea juu, hivyo kwenye fomu baba na mwanawe huishia na majina tofauti. Mkizidi kufanana, lakabu zinasaidia: Dheere kwa mrefu, Gaab kwa mfupi. Mlolongo wa mababu unaitwa abtirsi, na watoto huukariri mapema.

Katika riwaya yake Secrets (1998), Nuruddin Farah anaivuruga desturi hii kwa jina moja tu. Mhusika wake mkuu anaitwa Kalaman. Babu yake, Nonno, anadai jina lilitoka kwenye mlio wa kunguru, na analisifu kuwa linaweza kusimama bila jina la baba wala la babu nyuma yake. Mwanzoni unacheka. Halafu Mogadishu inakaribia kusambaratika, watu wanaanza kuulizana koo zao, na Kalaman anagundua kuwa mama yake alibakwa na genge, ndipo akazaliwa yeye. Kumbe kunguru alikuwa pazia.

Hapo ndipo Farah ananimaliza. Uadimu wa jina ni kimbilio alilojengewa mtoto ili asiulizwe, "Wewe ni wa nani?" Na aliyemjengea ni babu asiye wa damu yake, anayempenda hivyo hivyo. Kuandika hivyo kuhusu mji ambamo damu inageuka sababu ya kuua, si mchezo.

Lakini ukiisoma kutoka Kaskazini Mashariki, kuna kitu kinapungua. Farah anaiona abtirsi hasa kama silaha ya koo. Huku imekuwa pia ushahidi. Baada ya ukaguzi wa Wasomali wa Kenya wa 1989, vijana walioomba kitambulisho walipitishwa kwa miaka mingi mbele ya wazee na maafisa: babu yako ni nani? Alitoka wapi? Mohamed Abdi angalau ana jina la tatu la kujitetea nalo. Kalaman je? Angerudishwa nyumbani na kunguru wake.

Nonno hakuwahi kupiga foleni hiyo, na riwaya haifiki kwenye dawati hilo. Isome tu, inastahili. Mimi nangoja mtu wa Garissa aandike ile inayofika.