Fomu haijijazi, kuna anayetujazia

Siku ya soko mwezi uliopita nilikuwa katika saiba moja mjini Ishiara, Kaunti ya Embu, nikisubiri karatasi zangu zichapishwe. Mbele yangu alikuwa mama aliyekuja kujaziwa fomu ya mtoto mtandaoni. Kijana wa saiba alipochagua ‘Embu’ kwenye orodha ya kaunti, nafasi mbili zilizofuata zikajaa papo hapo: nambari ya kaunti, 014, na lugha ya kwanza, Kiembu.

“Sisi ni Wambeere, kijana wangu. Andika Kimbeere.”

“Hiyo hujijaza, mama. Siwezi badilisha.”

Mama alinyamaza, akalipa, akachukua kiroba chake cha ndengu na kwenda zake. Nami nikabaki na kitenzi kile: hujijaza.

Sina ugomvi na msamiati wote wa kompyuta. ‘Menyu kunjuzi’, kwa mfano, naikubali. Imetokana na kunjua kwa njia ileile ambayo gundua hutupa mgunduzi. ‘Kujaza kiotomatiki’ ndiko kunakonikera, maana tunaambiwa namna ya kujaza bila kuambiwa nani anajaza. Watu wa saiba wamekikwepa kirefu hicho wakasema ‘hujijaza’, na hapo ndipo kosa lilipozidi.

Kitenzi jaa hakihitaji mtenda: mtungi umejaa. Jaza kinamhitaji. Jazia kinaongeza anayefanyiwa. Tukitia -ji- ya kujirejelea, mtenda na mtendwa huwa kitu kimoja, kama katika kujikata au kujisifu. Najua msomaji ataniuliza: mbona twasema mlango umejifunga? Kweli twasema, lakini sote twajua kuna upepo. Katika fomu ‘upepo’ huo ni mtu aliyeketi ofisini akaandika jedwali: kila kaunti na mstari wake, kila mstari na visanduku vyake. Ukichagua Embu, programu inausoma mstari wa Embu na kuyanakili yaliyomo. Haijui zaidi ya hapo.

Kwa nambari ya kaunti, utaratibu huu ni mzuri ajabu. Kaunti ni 47, kila moja ina nambari yake, na kuijaza kwa mkono ni kualika makosa. Lugha haikai hivyo. Katika Kaunti ya Embu wapo Waembu, Wambeere, Wakamba, Wakikuyu na wengine. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wambeere 195,250 nchini, mbali na Waembu 404,801. Aliyeweka lugha moja katika mstari wa kaunti amechukua jambo ambalo mtu huulizwa, akaligeuza kuwa jambo ambalo mtu hukisiwa.

Pengine hakulibuni mwenyewe. Katika orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, ISO 639-3, Kiembu kina msimbo wake, ebu. Kimbeere hakina; huhesabiwa kuwa lahaja ya Kiembu. Malcolm Guthrie naye aliipa Kiembu nafasi ya E52 bila kukitengea Kimbeere nambari yake. Lakini ukivuka Mto Thuci kuingia Tharaka Nithi, utakuta Kitharaka kina thk, Kichuka kina cuh, na Kimwimbi na Kimuthambi vimepewa mws kwa pamoja.

Sisemi kwamba wanaisimu wamekosea. Mmbeere na Mwembu husikilizana, na mpaka wa lugha na lahaja umetutoa jasho tangu zamani. (Waulize waliowahi kubishana kuhusu Kimvita na Kiamu.) Lakini fomu haikumwuliza mama yule kuhusu uainishaji. Ilimwuliza mtoto wake anazungumza lugha gani, kisha ikajijibu, na hapa -ji- inafaa.

Fomu hizo hatimaye hujumlishwa. Anayepanga vitabu vya madarasa ya chini, au anayetafuta mwalimu wa lugha ya mama, huenda akafungua jumla hiyo na kukuta Ishiara nzima haina hata mtoto mmoja wa Kimbeere. Ibara ya 7 ya Katiba inaitaka serikali ikuze na kulinda anuwai ya lugha za Wakenya, nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kusahihishiwa taarifa zake. Hayo yatawezekanaje iwapo mwenyewe ameambiwa kwamba taarifa zimejiandika?

Ningekuwa mtunzi wa fomu ile, chini ya nafasi ya lugha ningeandika: “Tumekujazia. Rekebisha ikiwa si sahihi.” Maneno matano, na mtenda yumo.

Karatasi zangu zilipotoka, nilimwomba kijana anifungulie fomu mpya kama ile. Akachagua Embu, Kiembu kikatokea.

“Hebu bofya hapo kwenye Kiembu.”

“Mwalimu, nimesema hiyo hujijaza.”

“Bofya tu.”

Akabofya. Orodha ikakunjuka. Kimbeere hakikuwamo, lakini mwisho kabisa palikuwa na ‘Nyingine (taja)’, na kisanduku cheupe cha kuandikia.

“Kumbe,” akasema.

Fomu ya yule mama ilikuwa imeshatumwa.