Rangi Tatu za Prokudin-Gorsky

Msomaji, itazame picha ya Alim Khan, Amiri wa Bukhara, iliyopigwa mwaka 1911. Ameketi kitini mbele ya mlango, joho lake la hariri ya buluu limetapakaa maua, kilemba cheupe kichwani, mshipi wa dhahabu kiunoni, na mkono mmoja ameuweka juu ya upanga. (Bukhara ndiko alikozaliwa Imamu al-Bukhari, ambaye jina lake lajulikana sana kwa wanavyuoni wa pwani yetu.) Rangi zimekolea hata ungedhani mpiga picha ameondoka sasa hivi. Wengi huishia hapo; hustaajabu, wakasifu, wakafunua ukurasa mwingine. Nataka tukawie kidogo, kwa kuwa picha hizi zilifanywa ziwe somo, nalo somo halina budi kuulizwa limesema nini na limenyamazia nini.

Aliyeipiga ni Sergei Prokudin-Gorsky, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1863. Alikuwa mwanakemia kwanza, na mwaka 1902 alikwenda Ujerumani kujifunza kwa Adolf Miethe, bingwa wa picha za rangi wakati ule. Mwaka 1908 alimpiga picha mwandishi Leo Tolstoy nyumbani kwake, na picha hiyo ikalieneza jina lake. Mwaka uliofuata aliipeleka kazi yake mbele ya mfalme, Tsar Nicholas II. Mfalme akapendezwa, akampa behewa la gari la moshi lililotengenezwa kuwa chumba cha giza cha kusafishia picha, na hati za kumpitisha hata mahali palipokatazwa watu. Akaizunguka milki ile mpaka mwaka 1915. Nia yake ilikuwa watoto wa shule wa Urusi waione nchi yao kubwa katika rangi zake. Basi picha hizi zilikusudiwa watu wa makamo yako.

Njia aliyoitumia haikuwa uchawi. Asili yake ni maarifa ambayo Mskoti James Clerk Maxwell aliyaonyesha mbele ya watu mwaka 1861. Kitu kimoja hupigwa picha mara tatu: mara moja kupitia kioo chekundu, mara ya pili kupitia kioo cha kijani, mara ya tatu kupitia kioo cha buluu. Picha zote tatu ni nyeusi na nyeupe tu, lakini kila moja imehifadhi kumbukumbu ya mwanga wa namna yake. Zikimulikwa kwa taa yenye macho matatu, kila moja kupitia kioo cha rangi yake, zikaangukia mahali pamoja ukutani, rangi zote hurudi. Prokudin-Gorsky alizipiga tatu hizo juu ya kipande kimoja kirefu cha kioo, moja chini ya nyingine, zikifuatana.

Zikifuatana: neno hili tulishike. Kati ya picha ya kwanza na ya tatu muda hupita. Mlima hungoja, kanisa hungoja, na mtu aliyeambiwa asitikisike hungoja. Maji hayangoji, wala moshi, wala mtoto aliyechoka. Kila kilichosogea kimeachanisha rangi zake, nyekundu huku na kijani kule, kama kivuli kilichomkosa mwenyewe. Watu aghalabu huita jambo hili kasoro, na siku hizi wako wanaolifuta kwa kompyuta. Kwangu mimi kufuta huko ni hasara, maana ndipo mahali pekee ambapo uhai ulikataa kutii.

Yaliyobaki yametii. Urusi ya picha hizi ni nchi tulivu: mito, minara, madaraja, wasichana wa shamba wamejipanga wakiwa na sahani za matunda. Lakini mwaka 1905 nchi hiyo hiyo ilikwisha kutikiswa na mapinduzi, na mwaka 1917 kiti cha mfalme kilianguka. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa picha hizi peke yake asingalijua kwa nini. Sehemu ya lawama ni ya kioo, kilichohitaji utulivu. Sehemu nyingine ni ya behewa. Aliyepanda behewa la mfalme hupelekwa mahali ambapo reli ya mfalme imefika, na hupokewa na maofisa waliokwisha kupata habari zake.

Hata hivyo tusimwite msifu wa wakubwa tu. Katika Bukhara ile ile aliwapiga picha wafungwa wakichungulia nyuma ya vyuma vya gereza, na mlinzi amesimama kando, amevaa sare ya namna ya Kirusi na ameshika bunduki ya Kirusi. Iweke picha hii kando ya ile ya Amiri. Bunduki yaeleza ni nani aliyekuwa na nguvu nyuma ya joho la maua, wala hapana maandishi yaliyohitajika. Huko Zlatoust, mwaka 1910, alimpiga picha mzee Andrei Kalganov, aliyefanya kazi kiwandani miaka 55, pamoja na vijana wa kizazi chake. Mzee ana ndevu na mavazi ya kale. Vijana wamevaa kwa namna mpya. Hapo wakati unapita ingawa hakuna aliyetikisika.

Mwaka 1918 Prokudin-Gorsky aliihama nchi yake. Alifariki Paris mwaka 1944, mwaka ule ule Alim Khan alipofariki Kabul, mkimbizi vilevile, kwani alipinduliwa mwaka 1920. Vioo vilivyosalia, zaidi ya 1,900, viliuzwa na warithi wake kwa Maktaba ya Congress ya Marekani mwaka 1948.

Miongoni mwao kimo kimoja cha mwaka 1912, ambacho yumo yeye mwenyewe. Ameketi juu ya mwamba kando ya mto Karolitskhali, upande wa Bahari Nyeusi, kavaa suti na kofia, ametulia kama alivyowatuliza wengine. Mbele yake mto unakwenda zake.