Uzi Bila Neno: Tahakiki ya Nyimbo za Kiswahili Zinazopangwa kwa Ukulele

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kujadili jambo ambalo wataalamu wa Kiswahili wamewaachia wanamuziki: nini huupata wimbo wa Kiswahili unaponyang'anywa maneno yake na kupangwa upigwe na chombo kimoja tu, kwa kudonoa nyuzi kwa vidole. Siku hizi mipangilio ya namna hiyo ni mingi. Inasambaa katika intaneti kwa maandishi yanayomwonyesha mpigaji uzi gani abane na wapi, na mara nyingi chombo kinachokusudiwa ni ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne lililozaliwa Hawaii baada ya Wareno wa Madeira kufika huko na vyombo vyao mwaka 1879. "Malaika" umepangwa hivyo mara nyingi. "Masanga" wa Mwenda Jean Bosco, ambao ni hazina ya gitaa la Kongo, nao umeandikwa upya na wengi.

Hoja yetu ni kwamba mingi ya mipangilio hiyo ni sahihi kwa sauti lakini ina kasoro kwa lugha, na kasoro hiyo inaweza kuelezwa kwa misingi ya isimu.

2. Mfano wa Masanga

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mashine yake ya kunasia sauti, alimkuta Bosco mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, akamrekodi. Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930 na kufariki mwaka 1990. Alidonoa nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada: gumba likitembea katika nyuzi nene, shahada ikijibu katika nyuzi nyembamba, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili.

Mtu wa kwanza kuuchambua upigaji huo kwa kina hakuwa mpiga gitaa wa dansi. Alikuwa David Rycroft, mwalimu wa lugha za Kibantu katika Chuo Kikuu cha London, ambaye uchambuzi wake ulitoka katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Si ajabu kwamba mwanaisimu ndiye aliyelivumbua jambo kubwa la Bosco, yaani kwamba harudii. Kila mzunguko una badiliko dogo: sauti moja imewahi, nyingine imechelewa, besi imehamishwa. Bosco mwenyewe aliurekodi wimbo huo zaidi ya mara moja, kwa hiyo anayesema ameandika "Masanga ulivyo" ameandika siku moja tu ya "Masanga".

Hapa ndipo kasoro ya kwanza inapojitokeza. Mpangaji wa leo huchukua mzunguko mmoja, akausafisha, akaandika kwamba urudiwe mara nne. Katika wimbo wenye maneno, kurudia si kosa, kwani sauti hubaki ile ile na ubeti hubadilika. Maana husonga mbele juu ya lahani isiyosonga. Ondoa maneno, na ubeti wa pili unakuwa ule ule wa kwanza. Bosco alilijua hilo kwa vidole vyake: pale asipoimba, gitaa lilifanya kazi ya ubeti mpya. Anayeondoa maneno bila kuweka badiliko mahali pake amemwachia msikilizaji kibwagizo kisicho na wimbo.

3. Swali la besi

Kasoro ya pili inatokana na chombo. Nyuzi za ukulele hulinganishwa sol, do, mi na la, lakini katika ulinganishaji wa kawaida ile sol ya uzi wa nne iko juu, si chini. Uzi ulio karibu na gumba si mnene kuliko wote. Aidha, sauti ya chini kabisa ya chombo hicho ni do iliyo oktava moja juu ya ile do ambayo gumba la Bosco huianzia kwenye uzi wa tano wa gitaa. Kwa hiyo anayenakili mwendo wa gumba kutoka gitaa hadi ukulele anapata mwendo bila besi: gumba linafika palepale, lakini kinachotoka ni mlio mwembamba unaoparamia lahani.

Wengi hutatua tatizo hili kwa kununua uzi mnene wa nne. Ni dawa inayofaa, ila inakifanya chombo kuwa gitaa lililopungukiwa. Sisi watu wa Kongo tuna mfano mwingine karibu. Likembe nyingi hazipangi vijiti vyake kutoka chini kwenda juu kama ngazi; virefu vyenye sauti nzito huwa katikati, na vifupi huwa pande zote mbili, ili gumba mbili zigawane lahani kwa kupokezana. Ukulele wenye sol ya juu uko karibu na likembe kuliko gitaa. Mpangaji akiuona hivyo ataacha kuitafuta besi isiyokuwako. Lahani ataigawa kati ya uzi wa nne na wa kwanza, na ile do ya uzi wa tatu ataitumia kama nguzo ya katikati. Kinachopotea ni kina. Kinachopatikana ni majibizano, na majibizano ndiyo roho ya "Masanga".

4. Swali la silabi

Kasoro ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi katika taarifa hii. Hapa Maniema, kama mahali pengi pa bonde la Kongo, watu hawashangai chombo kusema. Ngoma ya mti huweza kupeleka habari, na J. F. Carrington alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi ngoma za Walokele zinavyofanya hivyo: zinaiga toni za lugha, za juu na za chini, kisha zinarefusha usemi ili neno moja lisichanganywe na lingine. Hilo linawezekana kwa sababu Kilokele kina toni zinazotofautisha maana. Kilega na Kitetela nazo ni lugha za toni.

Kiswahili sicho. Kimepoteza toni za namna hiyo na kubaki na mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Matokeo yake kwa mpangaji ni makubwa: kupanda na kushuka kwa sauti hakuwezi kumrudishia msikilizaji maneno ya Kiswahili. Yanayoweza kumrudishia ni mambo mawili tu, idadi ya silabi na mahali pa mkazo.

Tuchukue sentensi ya kawaida: "Mama ameondoka asubuhi". Ina silabi kumi na moja, na mikazo iko kwenye *ma* ya kwanza, *ndo* na *bu*. Mpigaji akidonoa sauti kumi na moja, akazitilia nguvu zile tatu, anayeijua sentensi ataitambua. Mpigaji huyo huyo akijaza sauti za pambo katikati kwa nguvu ile ile, silabi zinazama. Zinakuwa ishirini, na hakuna ajuaye ipi ni neno na ipi ni mkufu wa neno. Mipangilio mingi ya "Malaika" ina ugonjwa huu. Wimbo huo ni wa pole, na mwimbaji huvuta irabu. Uzi uliodonolewa haukawii kufa. Mpangaji huogopa kimya, akakijaza kwa sauti zinazokimbia. Ingekuwa afadhali kimya kibaki: msikilizaji wa Afrika Mashariki atakijaza mwenyewe kwa neno alijualo tangu utoto. Pambo, kama ni lazima, lipigwe kwa sauti ya chini kuliko silabi.

Mtu anaweza kupinga kwamba ala haidaiwi maneno, na kwamba lahani nzuri inajitosheleza. Ni kweli kwa msikilizaji wa mbali: Boney M walipoutoa "Malaika" mwaka 1981, wengi walioucheza hawakujua Kiswahili. Lakini hoja hiyo inahesabu hasara ya msikilizaji tu, nayo inasahau hasara ya lugha.

5. Kinachopotea

Nyimbo za Bosco, za Edouard Masengo na za Losta Abelo ni miongoni mwa ushahidi tulionao wa Kiswahili cha miji ya Katanga katika miaka ya 1950, kile kinachosema *ba-* mahali pa *wa-*, na ambacho vitabu vya shule havikukiandika. John Low, Mwingereza aliyetoa kitabu mwaka 1982 juu ya safari yake ya Shaba, aliwafuata wenye nyimbo, akajifunza kwao vidole pamoja na maneno. Wanaopanga leo huchukua vidole peke yake. Wanafunzi wetu wa Alunguli wanaojifunzia gitaa katika simu hupokea "Masanga" kama zoezi la gumba, bila neno na pengine bila jina la mtunzi. Kuhusu "Malaika", ambao haki ya utunzi wake imegombaniwa miaka mingi tangu Fadhili William aurekodi, jina linapoachwa ugomvi huo hausuluhishwi, unafichwa tu.

6. Hitimisho

Hatusemi nyimbo zisipangwe. Bosco mwenyewe alikuwa mpangaji, na gitaa halikuwa chombo cha babu zake. Tunapendekeza kipimo chenye maswali matatu: je, mahali pa ubeti pamewekwa badiliko? Je, chombo kimesikilizwa kilivyo, au kimelazimishwa kuwa kingine? Je, silabi zinahesabika? Tena, kila maandishi ya vidole yaandikwe maneno chini yake, katika Kiswahili cha mahali wimbo ulipotoka bila kusahihishwa, pamoja na jina la mtunzi au majina yanayodaiwa. Kazi hiyo haihitaji mashine wala fedha nyingi. Inahitaji mwanafunzi mwenye sikio na wazee ambao bado wanayakumbuka maneno, na hao wa pili hawatatungoja siku zote.