Kutoka Kujifunza hadi Kufunzana: Uhakiki wa Modeli ya Kim (1993)

Katika makala yake ya mwaka 1993, Daniel Kim alikusudia kuendeleza hoja iliyoasisiwa na Argyris na Schön (1978): taasisi hujifunza kupitia watu wake tu, lakini mtu mmoja kujifunza hakutoshi kuifanya taasisi ijue. Kiungo anachokipendekeza ni modeli za kifikra, yaani namna mtu anavyouelewa ulimwengu wa kazi yake. Zikibaki kwa mtu binafsi, maarifa huondoka naye. Kiungo hicho kikikatika, ujifunzaji huwa wa vipandevipande, na mfano anaoutoa Kim ni vyuo vikuu: wanazuoni ni mabingwa, kila mmoja katika uwanja wake, ilhali chuo chenyewe hakijifunzi. Msomaji wa tasnifu hii huenda asihitaji ushahidi zaidi.

Ubora wa modeli hii ni kuonyesha mahali mnyororo unapokatika. Udhaifu wake, kwa maoni ya mtafiti, ni kudhani kuwa maarifa hukamilika kwanza kichwani mwa mtu, ndipo yagawiwe kwa wenzake. Dhana hiyo ni rahisi kuipokea kwa Kiswahili, kwa kuwa kiambishi -ji- katika kitenzi kujifunza humrejesha mtenda kwake mwenyewe. Lakini mzizi huohuo hutupatia pia kufunzana, na kitendo hicho hakina nafasi katika mchoro wa Kim.

Kufunzana ndiko alikokushuhudia Julian Orr miongoni mwa mafundi wa mashine za fotokopi wa kampuni ya Xerox nchini Marekani, katika utafiti uliotoka kama kitabu mwaka 1996. Miongozo ya kampuni iliwaamuru mafundi hatua za kufuata bila kuwaeleza sababu zake. Katika kisa kimoja, ambacho Brown na Duguid (1991) pia wanakijadili, mashine ilitoa ishara ya hitilafu isiyolingana na ubovu wake. Fundi na mtaalamu aliyeitwa kumsaidia walikaa kwa saa kadhaa wakisimuliana visa vya mashine walizowahi kukutana nazo, hadi masimulizi yakawafikisha kwenye chanzo. Hakuna kati yao aliyefika na jibu.

Kwa kipimo cha Kim, modeli za kifikra hapa zilikuwa tayari za pamoja. Hata hivyo, zilikuwa za mafundi, si za kampuni. Kuzipokea kungekuwa kukiri kwamba mwongozo ulishindwa, na kwamba waliotarajiwa kuufuata walijua zaidi ya walioutunga. Kim analiona pengo hili kuwa la mawasiliano. Mtafiti analiona kuwa la mamlaka. Baadaye, katika miaka ya 1990, mfumo wa Eureka ulioanzia kwa mafundi wa kampuni hiyo nchini Ufaransa ulimwezesha fundi kuwasilisha ufumbuzi wake, ukakaguliwa na wenzake wenye uzoefu, kisha ukasambazwa ukiwa na jina lake.

Kwa sababu hiyo, utafiti huu unaitumia modeli ya Kim kuonyesha mahali pa kuuliza, lakini unabadili swali lenyewe. Katika usaili, swali la kile ambacho mtumishi alijifunza linafuatiwa na jingine: alimweleza nani, na huyo alikuwa na uwezo gani wa kubadili utaratibu?