Njuga si Mikwaruzo: Jinsi Santuri za Krismasi Zinavyookolewa

Kuanzia mwaka 1961, kila Krismasi ilipokaribia, aliyeingia duka la matairi ya Goodyear nchini Marekani aliweza kutoka na santuri ya nyimbo za sikukuu kwa dola moja. Kampuni ya Columbia ndiyo iliyowatengenezea, na mwaka uliofuata washindani wao, Firestone, wakatoa ya kwao. Chini ya hizo kulikuwa na tabaka jingine lisilotangazwa kabisa: kwaya za shule, wapiga kengele wa makanisa, wapiga kinanda wa mitaani, waliolipa kiwanda kiwatengenezee nakala chache za kuwauzia wazazi na waumini.

Santuri hizi zilikuwa za msimu. Nyingi hazikutolewa tena, na kwa zile za kwaya ndogo mara nyingi hata kanda ya awali ilishapotea. Kilichobaki ni santuri yenyewe, imelala bokisini katika duka la mitumba la Salvation Army au Goodwill. Wapo Wamarekani wanaopekua maboksi hayo mwaka mzima, wanazinunua, wanazihamishia kwenye kompyuta na kuzigawa bure Desemba ikifika. Ni kazi ya heshima. Ila ubora wake unatofautiana mno, na kwa maoni yangu tofauti hiyo huamuliwa kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta.

Santuri ya Krismasi ina maradhi yake. Ilipigwa wiki chache tu kwa mwaka, lakini katika wiki hizo ilipigwa mfululizo, sebuleni penye watu wengi, kwenye gramafoni nzito ambayo sindano yake haikubadilishwa kwa miaka. Kwa hiyo uchafu umeshindiliwa ndani ya mfereji na kuta zake zimelika. Uchafu unatoka: maji safi yasiyo na madini, matone machache ya sabuni laini, brashi inayofuata mzunguko wa mfereji, kisha mashine ya kufyonza maji ili uchafu usikaukie palepale. Spiriti isiguse kamwe sahani kongwe za mizunguko 78 kwa dakika, kwa sababu zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha shelaki.

Kulika hakuponi, lakini kunaweza kukwepwa. Sindano ya santuri za mono za miaka ya 1950 ilikuwa na ncha yenye nusu kipenyo cha mikromita 25 hivi. Ya stirio ikapungua hadi karibu 18. Sindano ya zamani ilikwangua ukuta wa mfereji katika kimo kilekile kila santuri ilipopigwa. Mtu akichagua ncha ya ukubwa au umbo tofauti, inagusa sehemu ya ukuta iliyo juu au chini ya jeraha, na wimbo uliodhaniwa umekufa unasikika tena. Mradi wa Great 78 wa Internet Archive uliifikisha mbinu hii mbali kwa sahani za shelaki: mikono minne yenye sindano nne za ukubwa tofauti, zote juu ya sahani moja kwa wakati mmoja. Kwa santuri ya mono kuna hatua nyingine isiyo na gharama, nayo ni kuunganisha mikondo ya kushoto na kulia kuwa mmoja. Wimbo wa mono umo katika mwendo wa kando wa sindano tu, hivyo kelele za sindano kupanda na kushuka hufutana zenyewe. Inasikitisha kuona wengi wanairuka.

Kwaya na kinanda huumbua pia tundu la katikati. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kila sekunde 1.8. Tundu likikaa kombo hata kidogo, noti ndefu ya kinanda hupanda na kushuka kila sekunde 1.8 bila kukoma. Dawa yake ni ya mikono: panua tundu kidogo, tazama mkono wa sindano unavyoyumba, sogeza sahani mpaka mkono utulie. Tatizo la mwisho wa upande ni gumu zaidi. Ukingoni mwa sahani mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 50 hivi kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21. Mawimbi yanabanana, na wimbo wa kufungia, ambao kwaya hupenda kuuimba kwa nguvu zote, ndio unaopasuka.

Baada ya hayo yote ndipo programu ya kuondoa mikwaruzo inaingia, na hapa ndipo nyimbo za Krismasi zinapoharibiwa kwa nia njema. Programu hutafuta mruko wa ghafla katika wimbi la sauti, huukata, kisha huziba pengo kwa kukisia kutoka pande zake mbili. Sasa fikiria njuga za farasi wanaovuta sleji kwenye theluji, ambazo zimo karibu katika kila albamu ya aina hii. Kila njuga inalia ghafla, kwa sauti nyembamba na kali, na kwa programu hiyo ni mkwaruzo mtupu. Matokeo ni njuga butu, zilizofunikwa, kana kwamba zimeviringishwa kwenye blanketi. Kipimo kipo: programu nzuri hukuruhusu kusikiliza kile tu kilichoondolewa. Ukisikia mdundo humo, umekata muziki. Rudi nyuma. Mimi huridhika zaidi na mikwaruzo kumi kuliko njuga moja iliyouawa.

Jambo jingine linalopuuzwa ni kuandika santuri ni ya lini. Matoleo ya kwaya mara nyingi hayana mwaka, lakini zile zilizotengenezwa na RCA kwa wateja binafsi zina namba ya kiwanda, na herufi yake ya kwanza hutaja mwaka: K ni 1959, L ni 1960, M ni 1961, N ni 1962, P ni 1963, R ni 1964. Picha moja ya lebo inatosha kuhifadhi ushahidi huo.

Mwaka una uzito kisheria pia. Kwa sheria ya Marekani ya 2018, rekodi zilizotolewa kuanzia 1957 hadi kabla ya 15 Februari 1972 zinalindwa mpaka 15 Februari 2067. Ulaya, rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 zilishatoka kwenye ulinzi, ingawa haki ya mtunzi wa wimbo ni suala jingine. Sheria hiyohiyo ya Marekani imefungua mlango mdogo: mtu asiyefanya biashara, akiisha kutafuta kwa dhati na kukuta rekodi haiuzwi popote, anaweza kuwasilisha taarifa kwa ofisi ya hakimiliki, na mwenye haki ana siku 90 za kupinga. Wanaogawa santuri hizi wangeutumia mlango huo.

Huku kwetu Jim Reeves na Boney M. hawahitaji kuokolewa, kila Desemba wako redioni. Zilizo hatarini ni kwaya zetu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, kazi zilipelekwa kutengenezwa Kenya, na huko sheria ya 2001 hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kama nyumbani kuna santuri ya kwaya ya parokia au usharika ya miaka ya 1960 au 1970, usiitupe. Ioshe kwanza, piga picha lebo, irekodi kwa biti 24, na kabla hujagusa programu yoyote ya kusafisha sauti, weka kando nakala ghafi.